Baada ya marahaba

*Kila mwaka vijana wanaosomea ustawi wa jamii na ushauri nasaha hupelekwa fildi mkoani Mara wakiwa na daftari, wiki chache na somo moja gumu: kusikiliza bila kuamua. Mila, sheria na hata Kiswahili chenyewe haviwarahisishii kazi.*

"Shikamoo."

Ndivyo yanavyoanza mazungumzo katika nyumba salama za mkoa wa Mara, na hapo hapo kazi ya mshauri nasaha mwanafunzi huanza kumwia ngumu.

Anayeamkia ni binti wa darasa la sita au la saba aliyekimbia kukeketwa. Anayeamkiwa ana miaka ishirini na kitu, yuko fildi, shingoni amening'iniza kitambulisho cha chuo. Darasani amefundishwa kwamba yeye na mteja wake wakae sawa kwa sawa, asiwepo wa juu wala wa chini. Sasa ukiamkiwa shikamoo utafanyaje? Ukiacha kuitikia umemdharau mtoto na malezi yake. Ukisema marahaba umeshapanda ngazi. Wewe ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye anayesema.

Anaitikia. Wote huitikia. Kisha panakuwa kimya, na mtoto wa Mara aliyelelewa vizuri anajua kukaa kimya mbele ya mtu mzima. Mwanafunzi atahitaji siku nyingi kutambua kimya kipi ni adabu na kipi ni hofu.

Njia ya Mwanza

Ukitoka Musoma mjini kwa basi la Mwanza, kabla hujafika Bunda unapita Kiabakari, wilayani Butiama. Wengi wanaijua kwa dhahabu, gereza na kituo cha hija cha Huruma ya Mungu. Hapo pia pana nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba nyingine Mugumu, wilayani Serengeti. Mwanzilishi wake, Rhobi Samwelly, ameeleza hadharani mara nyingi kwamba naye alikeketwa akiwa msichana, akatokwa na damu nyingi nusura afe. Kazi yake ya kuwaokoa wasichana ilionyeshwa katika filamu *In the Name of Your Daughter* ya mwaka 2018. Musoma mjini kuna kituo cha Jipe Moyo, kinachoendeshwa na masista wa Kikatoliki, ambacho nacho kimekuwa kikipokea watoto wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni.

Msimu wenyewe ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Kwa koo nyingi za Wakurya mwaka wa shughuli ni ule unaogawanyika kwa mbili, na wazee wa mila ndio wanaotangaza. Habari zikishatoka, wasichana huanza kufika vituoni: wengine wameletwa na polisi, wengine na mwalimu au mchungaji, na wengine wamekuja kwa miguu usiku.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha mila hii inapungua, ila kwa mwendo wa kobe. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28. Kwa nchi nzima ni kutoka 10 hadi 8. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18. Maana yake, binti aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mwanafunzi wetu ni mtoto wa mtu anayeweza kwenda jela, na yeye mwenyewe anaweza kuwa shahidi.

Shauri yako

Kikwazo kingine kimo mdomoni. Kazi hii tumeiita ushauri nasaha, na maneno hayo mawili yanaahidi kitu ambacho mshauri amekatazwa kutoa. Nasaha ni maneno mema ya mkubwa kwa mdogo, yale anayomwagiwa bwana harusi usiku wa kuamkia ndoa. Ushauri ni kuambiwa la kufanya. Halafu chuoni anaingia mhadhiri na Carl Rogers wake, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Chicago alipotoa kitabu cha *Client-Centered Therapy* mwaka 1951, na fundisho lake ni kwamba mteja hashauriwi. Anasikilizwa, anapokewa alivyo, anarudishiwa maneno yake mwenyewe mpaka njia aione yeye.

Mtu aliyepanda bodaboda kutoka Nyamuswa hadi Bunda mjini kupeleka shida yake kwa mtaalamu, akaishia kuulizwa "wewe mwenyewe unaonaje?", ana haki ya kuona nauli imepotea. Hata mimi ningeona hivyo.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Kesi mahakamani ni shauri. Jambo zito la ukoo, linalowaweka wazee chini ya mti kutwa nzima, ni shauri. Na mtu akikuchoka anakwambia, "Shauri yako." Kwa maana moja hicho ndicho alichokuwa akikisema Rogers: shauri hili ni lako, uamuzi ni wako. Kwa maana nyingine ndicho binti huyu anachoambiwa na ndugu zake tangu atoroke: umekataa mila, utajua mwenyewe. Kazi ya mwanafunzi ni kumfikishia binti maana ya kwanza bila kumkumbusha ya pili. Sijaona kitabu cha Kiingereza kinachoweza kumfundisha hilo.

> Kwa maana moja "shauri yako" ndiyo Rogers. Kwa maana nyingine ndiyo anayoambiwa binti tangu atoroke nyumbani.

Neno "mteja" nalo lina matatizo yake. Ni la duka na la kampuni ya simu, na ukilikata herufi ya kwanza unabaki na teja, mtu wa dawa za kulevya. Kwenye faili mtoto wa miaka 13 anaandikwa mteja. Mdomoni wengi wanamwita mdogo wangu, na nadhani mdomo una akili kuliko faili.

Kando ya ziwa, kuanzia mwalo wa Mwigobero hapo Musoma hadi kambi za wavuvi za Bunda, ushauri nasaha una harufu nyingine kabisa. Huduma hiyo iliwafikia watu wengi kupitia VVU. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983 Kagera, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, na kuanzia 2001 vituo vya Angaza vya AMREF vikaifanya huduma ya ushauri nasaha na kupima kwa hiari ijulikane mpaka redioni. Kwa miaka mingi ukionekana unatoka chumba hicho, majirani wamekwisha kukusomea majibu. Mwanafunzi akibandika mlangoni karatasi ya "Ushauri Nasaha" asishangae watu wakipita mbali.

Wewe ni wa ukoo gani?

Swali hili halimo kwenye mtaala, lakini ndilo la kwanza kuulizwa. Mara ni mkoa wa Wakurya, Wajita, Wazanaki, Wakwaya, Waikizu, Waikoma, Wangoreme, Waluo wa Rorya, na Wasukuma upande wa Bunda. Si wote wanaokeketa. Wajita na Waluo, kwa mfano, si mila yao. Na kwa Wakurya kutaja kabila hakutoshi. Unatakiwa useme kama ni Mwirege, Mnchari au Mnyabasi, kwa sababu mipaka ya koo imewahi kumwaga damu Tarime, na mtu anataka kujua siri yake anaiweka upande gani.

Mwanafunzi aliyetoka Mbeya au Tanga hana ukoo hapa, na hiyo ni nafuu kubwa: analoambiwa halitamfikia shangazi wa mtu. Ila binti atamsimulia kwa Kiswahili cha shule, ambacho hutosha mpaka mahali fulani. Akifika penye kidonda, Kiswahili kinamwishia. Neno lililomfukuza nyumbani ni la Kikurya, msagane, msichana asiyekeketwa. Likitamkwa kisimani mbele ya wenzake ni tusi zito, maana yake wewe bado hujawa mtu wa kuolewa wala wa kuheshimiwa. Mgeni analiandika pembeni ya daftari kama istilahi mpya. Mwenyeji akilisikia tumbo linamkaza.

Lakini huyo mwenyeji naye amekuja na nini? Huenda alikeketwa. Huenda alimkimbia ngariba, mdogo wake akashikwa badala yake. Huenda mama yake mzazi bado anaona mwanawe amepotea kwa kusoma sana. Hapa ndipo wanaohusika na kazi hii wanapogawanyika.

Wapo wanaosema aliyeumia ndiye anayejua, na hoja yao ina mifano hai. Rhobi Samwelly asingesikilizwa vijijini kama angekuja na takwimu peke yake. Anasema yaliyompata, na mama aliyekuja kumzomea anajikuta ameketi. Msichana akimwona mtu mzima aliyepita njia ile ile, anajua kuna maisha baada ya hapo. Hilo halipatikani kwa kusoma.

Wapo wanaosema jeraha bichi halitibu jeraha. Mwanafunzi ambaye hajayamaliza yake atamkatiza binti katikati ya sentensi amsimulie yake, au atamsukuma afanye kile ambacho yeye hakuthubutu kukifanya. Binti anapolia, mshauri naye yuko mwaka mwingine, nyumba nyingine.

Mimi naegemea upande wa pili, kwa sharti. Historia ya mshauri ina thamani pale anapoweza kuiweka chini na kuiokota anapotaka. Kuiweka chini hakufundishwi kwa mhadhara. Kunahitaji mtu mzoefu wa kukaa naye kila wiki, amwambie yaliyomkaba wiki hiyo, aulizwe kama machozi yale yalikuwa ya nani. Vyuo vinauita usimamizi. Huku wilayani msimamizi huyo ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye asubuhi ana shauri la mtoto aliyekinzana na sheria, mchana ana baba asiyetoa matunzo, na jioni ana mzee asiye na ndugu wodini. Akimwona mwanafunzi wake ni kumsainia fomu.

Kuhusu wanafunzi wa kiume niseme kidogo tu. Wengi hupangiwa kazi za makaratasi kwa kuwa msichana hatasema mbele ya mwanamume. Ni kweli, lakini baba na kaka zake ndio wenye uamuzi wa ng'ombe, na kijana aliyepita jando anaweza kukaa nao akazungumza mambo ambayo dada mwenye kitambulisho hataruhusiwa hata kuyagusa.

Vumilia

Mshauri mwanafunzi si wa kwanza kufika. Kabla yake yupo mchungaji, yupo sheikh, yupo shangazi, yupo mzee wa mila, na wote hao wamekuwa wakishauri watu kabla chuo hakijajengwa. Neno lao kubwa kwa mwanamke ni moja: vumilia.

Ni rahisi kulicheka. Lakini kwa mwanamke wa Bunda vijijini aliyetolewa ng'ombe, kuondoka kwa mume ni kurudisha ng'ombe, na ng'ombe hao huenda kaka yake alishawatumia kuolea. Shangazi anayemwambia vumilia anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko kijana wa fildi. Anapokosea ni kwamba katika hesabu yake mwili wa mwanamke hauna bei. Mwanafunzi mwenye akili hashindani na shangazi. Anamuuliza mwanamke swali ambalo shangazi hakuliuliza, yaani usiku huo anaporudi atalala wapi na watoto wako wapi, halafu anamwonyesha njia ya kufika dawati la jinsia na watoto la polisi, au kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na ustawi wako mahali pamoja.

Msiba ni habari nyingine, na hapo wazee wanawazidi wasomi. Mwishoni mwa Julai 2023 mitumbwi ilizama katika Ziwa Victoria eneo la Mchigondo, wilayani Bunda, ikiwa na watu waliokuwa wakitoka ibadani, na zaidi ya kumi wakafa. Katika matanga ya namna hiyo mshauri mwenye karatasi ya maswali ni usumbufu. Kinachotakiwa kinajulikana: kulala msibani, kuchota maji, kukaa. Mwenye kazi ya kitaalamu atahitajika miezi miwili baadaye, watu wameshatawanyika, baba haendi tena ziwani na hasemi kwa nini.

Wengine wamejaribu kuunganisha pande hizi mbili. Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa benchini na watu wenye kile Washona wanachokiita kuwaza kupita kiasi, nasi tunasema "ana mawazo". Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Hapa bara, mjini Moshi na vijijini kwake, pamoja na Bungoma nchini Kenya, watu wasio na taaluma ya afya ya akili walifundishwa kuwahudumia watoto yatima waliokuwa na majeraha ya kiakili, katika utafiti uliohusisha watoto 640. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: wengi walipata nafuu, ingawa si kwa kiwango kimoja kila mahali. Kwa hiyo cheti si kila kitu. Katika mipango hiyo yote miwili, hata hivyo, hakuna aliyeachwa afanye kazi peke yake bila msimamizi.

> Mwenye kazi ya kitaalamu atahitajika miezi miwili baadaye, watu wameshatawanyika, baba haendi tena ziwani na hasemi kwa nini.

Siri yenye mwisho

Kila mwanafunzi hufundishwa kumwambia mteja: utakachosema hapa kitabaki hapa. Kwa mtoto, sentensi hiyo si kweli, na kuisema ni kumdanganya.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa. Binti akikutajia kwamba mdogo wake wa miaka tisa atapelekwa kwa ngariba wiki ijayo, huna hiari tena. Utakwenda kusema. Na ukishasema, yeye ndiye atakayeitwa aliyewapeleka wazazi polisi.

Washauri wazuri humweleza mtoto mpaka wa siri kabla hajafungua mdomo: nitakutunzia mengi, ila nikisikia kuna mtu ataumizwa nitamwambia fulani, na nitakujulisha kabla sijamwambia. Wengine wanaogopa kwamba hapo mtoto atafunga mdomo. Baadhi wanafunga. Naona bora anyamaze akijua kuliko aseme asijue.

Mvutano mkubwa zaidi unakuja Januari, wakati wa kurudi nyumbani. Vituo huwaita wazazi, hukaa nao pamoja na polisi na ustawi, na mzazi huweka sahihi kwamba binti hatakeketwa. Familia nyingi hupatana kwa njia hiyo, na kwa msichana anayempenda mama yake, kupatana ndiko kupona. Wanaopinga wanauliza: sahihi ya baba itamlinda vipi kwa bibi yake, au kwa kaka anayesubiri mahari? Pia kuna hofu ya ndoa. Mahakama ya Rufani ilithibitisha Oktoba 2019, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Hukumu ilitolewa Dar es Salaam. Posa hupelekwa boma kwa boma.

Katika kikao hicho mwanafunzi huketi pembeni akiandika kumbukumbu. Ndiye aliyemsikia binti akisema hataki kurudi. Ndiye pia mdogo kuliko wote mezani, na atamwamkia shikamoo baba mtu kabla hajafungua mdomo.

Julai

Hata hivyo kwa wanafunzi wengi wa vyuo vikuu kikao hicho ni cha kusimuliwa. Kalenda haikubali. Fildi yao huangukia kati ya Julai na Septemba, kiangazi, baada ya mitihani. Wanapofika, vurugu za Desemba zimekwisha, magari ya polisi hayaji usiku, na wasichana wengi wamerudi kwao. Waliobaki ni wale ambao wazazi walikataa kuweka sahihi, au waliweka na binti akakataa kuwaamini.

Kwa hiyo anayeanza kazi anakabidhiwa mashauri magumu kuliko yote, ya mtoto ambaye kila aliyepaswa kumrudisha ameshindwa, tena akabidhiwe kwa wiki nane. Wiki ya kwanza na ya pili ni za shikamoo na kimya. Wiki ya tatu pengine binti atasema anachokipenda, somo au mpira wa pete. Wiki ya sita, kama mwanafunzi ametulia na hajaharakisha kujaza daftari, yatatoka yale yenyewe. Wiki ya nane mwanafunzi anasainiwa na kufunga begi.

Vyuo vingeweza kulibadili hili bila fedha nyingi. Chuo cha Maendeleo ya Jamii cha Buhare kiko Musoma hapo hapo, kwa basi si safari kubwa kutoka Kiabakari, na mwanafunzi wa hapo angeweza kuja Jumamosi moja kwa mwezi kwa miaka yake yote ya masomo badala ya kufika mara moja na kutoweka. Ingemsaidia pia yeye: angeiona Desemba na angeiona Januari.

Kwa sasa binti aliyekaa miaka mitatu amesikilizwa na wanafunzi watatu, kila mmoja na daftari jipya. Wa nne akifika, hata haulizwi ukoo. Binti anaketi, anaamkia, anaitikiwa, na kisa chake anakitoa chote siku hiyo hiyo ya kwanza, kwa Kiswahili kilichonyooka, haraka haraka, kama anayetaja tebo ya saba.